Mzee wa Kisimani na mkataba wa 1890



Ras Kisimani ni ile ncha ya magharibi ya kisiwa cha Mafia, inayotazamana na delta ya Rufiji. Zamani palikuwa na mji wa Waswahili wenye sifa zake, uliofungamana na Kilwa, lakini sehemu kubwa ya mji huo imekwishaliwa na bahari. Leo sitazungumzia magofu. Nitazungumzia wazee wa upande ule wa kisiwa, waliozeekea kwenye uvuvi na minazi, na swali linalowahusu: mzee akifika mahali hawezi tena kuteka maji, kujipikia wala kwenda chooni bila kushikwa mkono, serikali inamsaidia kwa fungu gani?

Jibu, amini usiamini, linatokana na karatasi iliyotiwa saini Berlin tarehe 1 Julai 1890.

Hadi wakati huo Mafia ilikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar. Katika ibara ya 11 ya mkataba huo Uingereza iliahidi kumshawishi Sultani awaachie Wajerumani mwambao wa bara, na kisiwa cha Mafia kikatajwa humo kwa jina. Wajerumani walilipa marki milioni 4. Unguja na Pemba zikawa chini ya himaya ya Uingereza, Mafia ikahesabiwa upande wa bara, na hakuna mvuvi wa Kisimani aliyeulizwa.

Nayasema haya kwa sababu mwezi Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kulipa pensheni kwa kila mzee wa Kizanzibari aliyetimiza miaka 70. Haikuuliza kama aliwahi kuajiriwa, wala kama ni fukara. Kiwango kilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 kikapandishwa hadi 50,000. Fedha zote hutoka katika mfuko wa serikali yenyewe. Kwa wale wasio na jamaa, ziko nyumba za wazee za Sebleni na Welezo. Laiti wale mabwana wa Berlin wangeiacha Mafia ilipokuwa, mzee wa Kisimani mwenye miaka 70 angekuwa anapanga foleni ya pensheni yake kama mwenzake wa Makunduchi.

Upande wa bara mambo yalikwenda njia nyingine. Mwezi Januari 1915 majeshi ya Waingereza yaliteremka Kisimani, yakaiteka Mafia ili kuiwinda manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyokuwa imejificha ng'ambo, Rufiji. Iliangamizwa Julai mwaka ule ule. Sasa angalia kinaya hiki. Waingereza hao walitoka katika nchi iliyokuwa ikiwalipa wazee wake pensheni tangu tarehe 1 Januari 1909. Wazee maskini wa huko, waliotimiza miaka 70, walipokea hadi shilingi 5 kwa wiki, na walizichukulia posta kama mtu anayechukua haki yake. Lakini sheria waliyoiweka Tanganyika mwaka 1923 ilikuwa ya watu mafukara, na lengo lake lilikuwa kuwadhibiti. Hakimu alipewa uwezo wa kumchunguza mtu asiye na kazi wala njia ya kujikimu, kumrudisha kwao, au hata kumweka kizuizini. Mzee wa Uingereza alipewa fedha, mtu fukara wa Tanganyika akapewa hakimu.

Mtazamo huo haukuondoka siku bendera ilipobadilishwa. Baadhi ya makazi ya wazee tuliyonayo leo, Nunge ya Kigamboni ikiwa mojawapo, yalianzia kwenye kambi za wagonjwa wa ukoma. Makazi ya serikali yako pia Kolandoto mkoani Shinyanga, Bukumbi mkoani Mwanza, Fungafunga mjini Morogoro na kwingineko. Yanahifadhi watu waliokosa kabisa pa kwenda, na ni jambo jema. Lakini mzee wa Mafia, ili asaidiwe kwa njia hiyo, inabidi avuke bahari na kuyaacha makaburi ya wazazi wake.

Mwaka 1964 ulianzishwa Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi, NPF, ambao mwaka 1997 uligeuzwa kuwa NSSF. Huo ulijengwa juu ya mwajiri na mwajiriwa. Mwenye ngalawa hana mwajiri! NSSF sasa inapokea michango ya waliojiajiri, lakini aliyekwisha kufika miaka 75 achangie nini, na lini?

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema wazi kwamba mahali pa kumtunzia mzee ni kwenye familia, na makazi yawe hatua ya mwisho. Nakubali. Ila tuulizane, familia ni nani? Tunapenda kujisifu kwamba sisi hatumtupi mzazi. Asiyemtupa, mara nyingi, ni binti mmoja aliyeachika akarudi nyumbani, au mjukuu wa kike. Huyo ndiye anayeogesha, anayefua, anayepika uji. Kaka zake wako Dar es Salaam, wanatuma salamu. Matunzo hayo yana gharama, na gharama imeangukia bega moja.

Mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF, ulioanza mwaka 2012, umewafikia wazee wengi, nami siubezi. Lakini fedha ile ni ya kaya, na kipimo chake ni umaskini. Kaya ikionekana ina bati na baiskeli, mzee aliyemo ndani yake hana chake. Kwa upande wa bara, hadi ninapoandika haya, pensheni kwa wazee wote bado ni ahadi inayojadiliwa.

Shilingi 50,000 haziajiri mtu wa kukaa na mzee mwezi mzima, hilo halina ubishi. Zinanunua sabuni, mchele, na nauli ya kufika Kilindoni hospitalini. Na kinachobaki mzee anamwekea mkononi yule binti. Wako wanaosema kazi itakuwa ngumu kwa sababu wazee hawana vyeti vya kuzaliwa. Unguja na Pemba nako wengi hawakuwa navyo, na masheha waliifanya kazi hiyo mtaa kwa mtaa. Mafia ina watendaji wa vijiji, na madaftari ya kaya yalikwisha kuandikwa wakati wa TASAF.