Waya au plastiki? Historia fupi ya kunyoosha meno

Juzi dada yangu alinipigia simu na swali ambalo nilidhani halihusu programu hata kidogo. Binti yake ana miaka 15, anasoma shule ya bweni, na meno yake ya mbele yamepandana. Daktari amewapa njia mbili: vyuma vinavyogandishwa kwenye meno, au alaina, yaani vile vifuniko vya plastiki angavu ambavyo mtu huvaa na kuvua mwenyewe.

"Wewe ni mtu wa tarakilishi," akaniambia. "Hii ya plastiki si ndiyo teknolojia mpya? Basi si ndiyo bora?"

Nikamwomba siku mbili nikasome.

Tuanze na mfupa. Jino halikupigiliwa kwenye taya kama msumari. Limeshikwa na nyuzi laini ndani ya tundu lake. Ukilisukuma polepole kwa muda mrefu, mfupa ulio mbele yake humeng'enywa na mwili, na nyuma yake hujengwa mfupa mpya. Mfupa haujui kama kinachosukuma ni chuma au plastiki. Unachojua ni nguvu na muda. Kumbuka hilo neno muda, tutalirudia.

Mwaka 1728 Mfaransa Pierre Fauchard alieleza kitabuni jinsi ya kuyafunga meno kwa uzi kwenye utepe wa chuma. Lakini mtu aliyeifanya kazi hii kuwa taaluma ni Mmarekani Edward Angle. Mwaka 1899 aliziweka kasoro za meno katika makundi matatu ambayo madaktari wanayatumia hadi leo. Pia aliuza vipande vilivyotengenezwa tayari, ili daktari asilazimike kujifulia kila kitu mwenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1920 akatoa kishikizo chenye mfereji wa mstatili, inchi 0.022 kwa 0.028. Vishikizo vya kipimo hicho bado vinatengenezwa na makampuni mengi. Wenzangu waandishi wa programu, niambieni ni kiwango gani chetu kitakachodumu miaka 100!

Wakati huo kila jino lilivishwa pete ya chuma. Mwaka 1955 Michael Buonocore alionyesha kwamba ukiparuza uso wa jino kwa asidi, gundi hushika vizuri. Kufikia miaka ya 1970 pete nyingi zilianza kuondoka, na vishikizo vidogo vikagandishwa moja kwa moja kwenye jino. Miaka hiyo hiyo George Andreasen wa Chuo Kikuu cha Iowa alileta waya wa nikeli na titani, madini yaliyobuniwa katika maabara ya jeshi la majini la Marekani. Waya huo ukipindwa hutaka kurudi ulivyokuwa, na hivyo husukuma meno taratibu kwa wiki nyingi.

Na plastiki je? Hapa ndipo niliposhangaa. Wazo lake si jipya. Mwaka 1945 Harold Kesling alitengeneza kifaa cha mpira cha kumalizia kunyoosha meno. Akaandika kwamba mfululizo wa vifaa vya namna hiyo, kila kimoja kikitofautiana kidogo na kilichotangulia, ungeweza kuyahamisha meno mbali zaidi, ila kwa wakati wake jambo hilo halikuwezekana kiutendaji. Fikiria kuchonga kwa mkono kalibu 20 au 30 za mdomo mmoja!

Wazo likasubiri tarakilishi. Katika miaka ya 1980 Chuck Hull alibuni mashine inayogandisha utomvu kwa mwanga, tabaka juu ya tabaka. Mwaka 1997 Zia Chishti na Kelsey Wirth, waliokutana Stanford, walianzisha Align Technology, kampuni ya Invisalign. Programu huigawa safari ya meno katika hatua ndogo ndogo, mashine huchapa kalibu ya kila hatua, kisha plastiki yenye joto hufinyangwa juu yake.

Mwanzoni bidhaa hiyo ililenga watu wazima. Toleo la vijana lilikuja mwaka 2008, likiwa na nafasi ya meno yanayoendelea kuota, na alama za buluu zinazofifia kadiri kifaa kinavyovaliwa. Yaani walilazimika kuweka logi! Alaina huhitaji kuvaliwa takriban saa 20 hadi 22 kwa siku. Chuma hakimwombi mtoto ruhusa. Hufanya kazi hata akiwa amenuna. Plastiki humkabidhi yeye kazi hiyo.

Kuna somo jingine. Kampuni ya SmileDirectClub, iliyowatumia wateja alaina nyumbani, ilifungwa Desemba 2023, na wateja waliokuwa katikati ya matibabu wakaachwa hewani. Mwenye waya mdomoni anaweza kwenda kwa daktari mwingine naye akaendelea. Mwenye alaina inabidi aulize: mpango wangu uko kwenye seva ya nani?

Sisemi plastiki ni mbaya. Huvuliwa wakati wa kula na kupiga mswaki, haichubui mashavu sana, na kwa kasoro ndogo hufanya vizuri. Chuma nacho kina shida zake: punje ngumu ya githeri inaweza kung'oa kishikizo, usafi ni kazi, na kila baada ya wiki kadhaa mtoto ataomba ruhusa kutoka shuleni. Kasoro ikiwa kubwa, sikiliza daktari kwanza.

Nilimpigia dada nikamweleza haya yote. Nikamwambia swali si ipi mpya. Swali ni nani atakayezilinda zile saa 22 bwenini, mama akiwa mbali. Kumbe binti alikuwa anasikiliza, simu iko kwenye spika.

"Mjomba," akasema, "muhula huu peke yake nimepoteza sweta mbili."

Kimya kidogo. Kisha akauliza kama vile vimpira vya kwenye vyuma vinapatikana vya rangi ya zambarau.

Vinapatikana.