Bei na Shahidi Wake

Katika masoko makubwa ya ulimwengu, yale ya nafaka kama yale ya fedha, kila mapatano yanapokwisha huacha nyuma yake hesabu mbili, nazo ni bei iliyokatwa na kiasi cha mali kilichouzwa kwa bei hiyo. Na ajabu ni kwamba ile ya kwanza hutangazwa kwa sauti kuu na kupelekwa mbali upesi, ilhali ile ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye siri nyingi zaidi, ilikaa miaka mingi bila ya watu kuishughulikia. Elimu ya kusoma chati, ambayo leo vijana wengi wa Nairobi na Dar es Salaam wamo ndani yake, simu mkononi, wakitafuta riziki katika kupanda na kushuka kwa euro na dola, ina tarehe ndefu, na tarehe hiyo yafahamika vyema tukiifuata kwa njia ya hesabu hii ya pili, kwa kuwa bei husema lake, na wingi wa biashara ndio shahidi wake.

Wengi huianza habari hii Japani, nao hawakukosea. Katika mji wa Osaka, mahali paitwapo Dojima, palikuwa na soko ambamo mabwana wa majimbo waliuza mchele waliotozwa raia zao kuwa kodi, na mwaka 1730 serikali ya shogun Tokugawa Yoshimune ililipa soko hilo idhini rasmi. Hapo hapakuuzwa mchele uliomo ghalani tu, bali pia mchele wa daftarini, yaani mapatano ya mzigo ambao aghalabu haukutazamiwa kumfikia mnunuzi, ila tofauti ya bei ndiyo iliyolipwa muhula ulipokwisha. Saa ya kufunga ilipimwa kwa utambi uliowashwa. Utambi ukizimika biashara imekwisha, na wale waliopuuza wakaendelea kupigiana makelele walimwagiwa maji na watu waliowekwa kwa kazi hiyo. Habari za bei zilikuja kupelekwa miji mingine kwa bendera, mtu wa kilima hiki akimpungia mwenziwe wa kilima kile, lakini bendera hizo zilibeba bei. Kiasi kilichouzwa kilibaki Osaka. Katika zama hizo aliishi Homma Munehisa, tajiri wa mchele wa Sakata, ambaye simulizi humsifu kwa kubuni michoro ya mishumaa inayojaa leo katika kila simu ya mfanyabiashara wa foreksi, yaani fedha za kigeni. Sifa hiyo ina shaka, kwani wako wataalamu waionao michoro hiyo kuwa ni ya baadaye, ya zama za Meiji. Na Wamarekani walio wengi hawakuijua mpaka Steve Nison alipotoa kitabu chake mwaka 1991.

Ama huko Marekani, hesabu mbili zile zilianza kusafiri pamoja baada ya Edward Calahan kubuni, mwaka 1867, mashine ya kuchapa bei za hisa juu ya utepe mwembamba wa karatasi, utepe ambao ulikuja kuonyesha jina la hisa, bei yake, na idadi iliyouzwa. Charles Dow, mwandishi wa habari aliyeanzisha kampuni pamoja na Edward Jones na Charles Bergstresser mwaka 1882, alitangaza tarehe 26 Mei 1896 wastani wa hisa 12 za viwanda, na katika tahariri zake akafundisha kwamba soko lina mwelekeo wake mkuu. Wafuasi wake walishikilia kwamba mwelekeo wa kweli hufuatwa na wingi wa mauzo, wala si bei peke yake. Richard Wyckoff, ambaye mwaka 1910 alitoa kitabu juu ya kusoma utepe kwa jina la kubuni la Rollo Tape, alikwenda mbali zaidi: aliona kwamba ikiwa hisa nyingi mno zimeuzwa na bei haikusogea ila kidogo, basi yupo mtu mwenye mfuko mkubwa apokeaye kimya kimya kila kinacholetwa sokoni.

Hata hivyo elimu hii haikukosa wakanushaji. Mmoja wao, Alfred Cowles, alizichukua tahariri za William Hamilton, mrithi wa Dow, alizoziandika tangu 1904 hadi 1929, akapiga hesabu, akapata kwamba mtu aliyezifuata angalipata faida ya kama asilimia 12 kwa mwaka, ilhali aliyenunua hisa akalala usingizi angalipata 15.5. Miongo mingi baadaye, mwaka 1998, wataalamu wengine waliirudia kazi hiyo, wakasema kwamba ukiitia hatari katika mizani Hamilton hakuwa mbaya hivyo. Mjadala huo ungalipo, nami sitauamua hapa.

Aliyeufanya wingi wa biashara kuwa elimu ya watu wote ni Joseph Granville, katika kitabu alichokitoa mwaka 1963. Hesabu yake ni nyepesi hata mtoto wa shule aimudu. Tuseme hisa ilifungwa Jumatatu kwa dola 20. Jumanne ikafungwa kwa 21, zimeuzwa hisa 5,000, basi andika 5,000. Jumatano ikashuka hadi 20.50, zimeuzwa 2,000. Toa, zitabaki 3,000. Alhamisi bei isipobadilika, usiongeze wala usipunguze. Ukiendelea hivyo kwa majuma kadhaa, ukaona bei imelala pale pale ilhali jumla yako yapanda, Granville atakuambia kwamba kuna wanaokusanya, na bei itafuata baadaye. Wingi hutangulia bei: hiyo ndiyo iliyokuwa itikadi yake, naye aliitangaza kwa mbwembwe ambazo hazikuwapendeza watu wa mabenki.

Usiku wa tarehe 6 Januari 1981 aliwapelekea wafuasi wake ujumbe wa kuwataka wauze kila walicho nacho. Kesho yake wastani wa Dow ulianguka kwa takriban pointi 24, na katika soko la New York ziliuzwa hisa karibu milioni 93, kiasi kilichokuwa hakijapata kuonekana katika siku moja. Tazama basi mkasa huu: mtu ambaye umaarufu wake wote ulitokana na kusikiliza wingi wa mauzo, sasa alikuwa yeye mwenyewe ameuzua wingi huo, na shahidi aliyefundishwa maneno si shahidi tena. Soko lilipoanza kupaa Agosti 1982, Granville alikuwa angali akiwahimiza watu wauze.

Kwa wakati huo elimu ilikuwa imekwisha shika njia nyingine. J. Welles Wilder, mhandisi wa mitambo, alitoa mwaka 1978 kitabu kilichokusanya viashiria ambavyo hadi leo huja tayari katika programu yoyote ya chati: kile kipimacho nguvu ya bei kwa siku 14 na kuonya ikivuka 70 au ikishuka chini ya 30, kile cha upana wa mwendo wa bei kila siku, kile cha nguvu ya mwelekeo, na ile mistari ya nukta iifuatayo bei. Aliviandika kwa ajili ya wafanya biashara ya mikataba ya usoni, yaani mapatano ya leo ya kununua au kuuza siku ijayo kwa bei iliyokwisha katwa, naye akaweka majedwali ya kujazwa kwa mkono, hesabu ikifanywa kwa kikokotoo kidogo. Lakini viashiria hivyo vyote hutoka katika bei. Hakuna hata kimoja kiulizacho ni kiasi gani kilichouzwa. Anayeviweka vitatu juu ya chati moja na kufurahi kwamba vyote vimekubaliana, amemhoji mtu yule yule mara tatu.

Tukija sasa katika fedha, tarehe ya kukumbukwa ni 15 Agosti 1971, siku ambayo Rais Nixon aliukata uhusiano wa dola na dhahabu, na thamani za sarafu zilizokuwa zimefungwa tangu mapatano ya Bretton Woods ya 1944 zikaanza kulegea. Huko Chicago, Leo Melamed, ambaye utotoni alikimbia vita kutoka Białystok akapitia Japani hadi Marekani, alikuwa amefikiri kwamba sarafu zaweza kuuzwa kwa mikataba kama ngano na nyama ya nguruwe. Akamwendea mwanauchumi Milton Friedman, akamlipa aandike waraka wa kuunga mkono rai hiyo. Soko lilifunguliwa tarehe 16 Mei 1972 kwa sarafu saba: pauni, dola ya Kanada, mark, lira, yeni, peso ya Meksiko na faranga ya Uswisi.

Hapo ndipo sarafu zilipopata daftari. Katika soko la mikataba kila biashara huandikwa na ofisi moja isawazishayo hesabu, na fauka ya wingi wa siku huandikwa pia mikataba iliyobaki wazi: mnunuzi mpya akikutana na muuzaji mpya idadi huongezeka, wa zamani wawili wakifunga hupungua, na mpya akichukua nafasi ya wa zamani hubaki vile vile. Serikali ya Marekani nayo hutangaza kila Ijumaa ni nani waliokuwa wameshika nini hadi Jumanne yake.

Nje ya Chicago mambo ni kinyume. Fedha za kigeni huuzwa benki kwa benki, hakuna jengo wala daftari moja, na Benki ya Malipo ya Kimataifa huuliza nchi moja moja kila baada ya miaka mitatu. Katika Aprili 2022 ilipata kwamba ziliuzwa fedha za thamani ya dola trilioni 7.5 kwa siku. Kile kiitwacho wingi katika simu ya kijana wa Kariakoo aghalabu ni hesabu ya mara ngapi bei ilibadilika kwa dalali wake, si ya fedha zilizouzwa. Hesabu hiyo haikosi maana, kwani bei hutikisika zaidi palipo na watu wengi, lakini dalali wa pili atatoa nyingine. Kwa sababu hiyo wajuzi wa foreksi hutazama mkataba wa euro wa Chicago, kisha wakafanya biashara yao kwingine.

Kenya iliweka kanuni za madalali wa foreksi wa mtandaoni mwaka 2017, na tarehe 4 Julai 2019 Nairobi ikafungua soko lake la mikataba ya usoni, likianza na hisa na faharasa ya hisa, si sarafu. Randi ya Afrika Kusini ina mkataba Chicago. Shilingi zetu hazimo. Atakaye kujua ni dola ngapi zilizouzwa kati ya mabenki ya Tanzania ataikuta jumla yake katika taarifa ya mwezi ya Benki Kuu, mwezi wenyewe ukiwa umekwisha pita.