Ngozi ya Pimbi, Buti la Misumari na Gambuti: Karne ya Mavazi ya Rwenzori

Mkazi wa Kampala anayetaka kupanda Mlima Rwenzori msimu wa kiangazi, Juni hadi Agosti, huanzia Kamwokya. Makao makuu ya Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, UWA, yapo pale Barabara ya Kira, jirani na Jumba la Makumbusho. Akishaulizia njia na ada za hifadhi, huulizia vifaa: koti gani jipya, hema gani, buti la kampuni gani. Waliokwishapanda humjibu kabla hajamaliza: tafuta gambuti.

Naam, gambuti lilelile la wauza samaki na wachimba mitaro. Lilivyofika huko juu ni hadithi ndefu.

Kabla ya Mzungu yeyote kupanda, mlima ulikuwa wa Wabakonzo. Waliita theluji nzururu, na kileleni waliamini yupo mungu wao Kitasamba. Wawindaji wao walipanda pekupeku wakimfuata pimbi, na ngozi zake zenye manyoya mazito walizishona zikawa joho la mabegani. Usiku walilala chini ya miamba iliyoinama, moto ukiwaka katikati. Hema hawakulihitaji.

Mwaka 1906 akaja Luigi Amedeo di Savoia, Duke wa Abruzzi kutoka Italia. Alipanda meli hadi Mombasa, garimoshi hadi Kisumu, meli tena hadi Entebbe, kisha akatembea na msafara hadi Fort Portal. Alileta waongozaji wa milima ya Alps, mabuti ya ngozi yaliyopigiliwa misumari kwenye soli, kamba, mashoka ya barafu, na mpiga picha Vittorio Sella na kamera yake ya vioo vizito. Tarehe 18 Juni alisimama kwenye kilele cha juu kabisa, mita 5,109, akakipa jina la Malkia Margherita.

Vifaa hivyo vyote vilibebwa na watu. Wapagazi wa kutoka bondeni hawakuuweza ubaridi wa juu. Waliobaki na kuutumikia msafara ni Wabakonzo, na kambi kuu ikawa Bujongolo, chini ya mwamba ambao wawindaji waliujua tangu zamani. Mwana wa mfalme kavaa sufu na buti la misumari, anayembebea mzigo hana kiatu. Picha hiyo ndiyo inayonisumbua kila ninaposoma habari za ushindi ule.

Huko nje ubunifu uliendelea. Mwaka 1935 wapandaji sita, rafiki za Mwitaliano Vitale Bramani, walikufa milimani. Miaka miwili baadaye akasajili soli ya mpira yenye meno, Vibram, na enzi ya misumari ikaanza kwisha. Mwaka 1969 Bob Gore wa Marekani akapata namna ya kuvuta plastiki ikawa utando unaotoa jasho lakini hauingizi mvua. Hiyo ndiyo Gore-Tex, iliyoingia madukani mwaka 1976.

Koti la namna hiyo Rwenzori linafaa. Lakini buti la ngozi, hata likiwa jipya na la bei, hushindwa. Pita kinamasi cha Bigo uone. Unaruka kutoka kichuguu cha nyasi hadi kingine, mguu unateleza, matope yanapanda hadi gotini. Ukiuvuta, kinamasi nacho kinavuta. Buti la ngozi likishanywa maji hayo halikauki tena hadi ushuke, maana jua la kulikausha halipo. Gambuti unalimwaga maji, unabadili soksi, unaendelea. Chukua lililokuzidi namba moja, liingie soksi pea mbili. Teknolojia yake ni ya zamani mno: tangu mwaka 1853 Hiram Hutchinson alikuwa akitengeneza mabuti ya mpira Ufaransa.

Mlima ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, ukafungwa mwaka 1997 kwa vita vya waasi wa ADF, ukafunguliwa tena mwaka 2001. Kwa karne nzima barafu imekuwa ikiisha. Mwaka 1906 ilifunika zaidi ya kilomita za mraba 6. Kufikia mwaka 2003 ilibaki kama 1. Vyuma vya meno vya kufunga chini ya buti bado vinahitajika karibu na kilele, kwa mwendo unaozidi kufupika.

Orodha za vifaa vipya vya msimu hazinisisimui. Sababu ni kwamba Wabakonzo ndio wanaobeba mizigo hadi leo, na mgeni huanza kwa kujinunulia mwenyewe. Tanzania kuna mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, ulioanza mwaka 2003, unaowaazima makoti na mabuti bila malipo. Mkampala anayekwenda Kasese, chini ya mlima, anaweza kuanza padogo zaidi: apite sokoni Kamwokya kwenye mitumba, achague makoti mazito mawili au matatu yenye zipu nzima, na magambuti pea mbili za namba kubwa, awakabidhi wapagazi pale Nyakalengija, safari inapoanzia, kabla mizigo haijapimwa.