Shule ya Famasia ya Muhimbili

Shule ya Famasia ya Muhimbili ni mojawapo ya shule zinazounda Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (kifupi chake: MUHAS) jijini Dar es Salaam, Tanzania. Iko Upanga Magharibi, katika eneo moja na Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, kando ya Barabara ya Umoja wa Mataifa. Ndiyo shule ya kwanza ya kufundisha wafamasia wa ngazi ya shahada nchini Tanzania. Masomo yalianza mwaka 1974.

Kutoka langoni hadi Kariakoo ni mwendo mfupi wa miguu kupitia Faya. Ukaribu huo una maana kubwa kuliko unavyoonekana kwenye ramani. Upande mmoja kuna maabara ambako kidonge hupimwa kwa miligramu. Upande wa pili kuna soko kubwa kuliko yote nchini, ambako dawa huuzwa kwa katoni, kwa boksi, kwa "pakti" na wakati mwingine kwa vidonge viwili vitatu vilivyofungwa kwenye karatasi.

Historia

Mahali ilipo shule pana historia ya tiba ya tangu ukoloni. Wakazi Waafrika wa Dar es Salaam walitibiwa kwanza katika hospitali iliyojengwa kwa fedha za mfanyabiashara Sewa Haji Paroo. Hospitali mpya ya Princess Margaret ilifunguliwa Upanga mwaka 1956, na baada ya uhuru ikaitwa Muhimbili. Jina la Sewahaji limebaki kwenye mojawapo ya majengo ya wodi.

Mwaka 1963 Wizara ya Afya ilianzisha hapo Shule ya Udaktari ya Dar es Salaam. Mwaka 1968 shule hiyo ikawa Kitivo cha Tiba chini ya chuo kikuu. Famasia haikuwemo bado. Aliyetaka kuwa mfamasia mwenye shahada alilazimika kusoma nje ya nchi, na wengi wa waliohudumu katika famasi za katikati ya mji, kwenye mitaa kama Samora na India, walikuwa wamesomea ng'ambo. Mwaka 1974 masomo ya famasia yalianza ndani ya Kitivo cha Tiba. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kilianzisha idara yake ya famasia, na Muhimbili kukaanzishwa kitengo cha utafiti wa dawa za asili, ambacho leo ni Taasisi ya Tiba Asili ya MUHAS.

Mwaka 1976 kitivo na hospitali viliunganishwa kuwa Kituo cha Tiba Muhimbili. Mwaka 1991 sehemu ya taaluma ikawa chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na famasia ikapata nafasi ya kusimama yenyewe badala ya kuwa tawi la udaktari. Tangu mwaka 2007 Muhimbili ni chuo kikuu kamili. Chuo kimepata pia eneo kubwa la Mloganzila, pembezoni mwa jiji, lakini famasia imeendelea kufundishwa Upanga.

Mmoja wa wakuu wa zamani wa shule hii, Profesa Appolinary Kamuhabwa, baadaye alikuwa Makamu Mkuu wa Chuo. Ni jambo la kutajwa, kwa sababu katika vyuo vya afya uongozi wa juu kwa kawaida hushikwa na madaktari.

Masomo

Shahada ya kwanza ya famasia huchukua miaka minne. Wanaojiunga moja kwa moja kutoka kidato cha sita huwa wamesoma fizikia, kemia na biolojia. Wengine huja na stashahada ya sayansi ya famasia baada ya kufanya kazi hospitalini au dukani. Hao wa pili mara nyingi huwa na faida darasani linapofika somo la kumhudumia mgonjwa, maana wameshasimama nyuma ya kaunta.

Mwanafunzi hujifunza kemia ya dawa, utengenezaji wa dawa, famakolojia (namna dawa inavyofanya kazi mwilini), famakognosia (dawa zinazotokana na mimea), mikrobiolojia na sheria za taaluma. Hupelekwa pia kwa mafunzo ya vitendo katika hospitali, famasi za mitaani na viwandani. Dar es Salaam ina nafasi ya pekee hapa: viwanda kama Keko, Shelys na Zenufa viko ndani ya jiji, na Bohari ya Dawa (MSD), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993 kusambaza dawa kwa hospitali za umma, iko Keko.

Kumaliza miaka minne hakumfanyi mtu kuwa mfamasia. Mhitimu hufanya kwanza mwaka mmoja kama mfamasia mtarajali, kisha hupimwa na kusajiliwa na Baraza la Famasi. Baraza hili linafanya kazi chini ya Sheria ya Famasi ya mwaka 2011, ambayo pia ililipa jukumu la kusajili na kukagua majengo yanayouza dawa.

Shule hutoa vilevile shahada za uzamili, zikiwemo za famasia ya hospitali, usimamizi wa dawa, udhibiti wa ubora na famasia ya viwandani.

Shule na maduka ya dawa ya Kariakoo

Kariakoo ilipata jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, waliopiga kambi hapo. Jengo kuu la soko, lililobuniwa na msanifu Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975, mwaka mmoja tu baada ya famasia kuanza kufundishwa Muhimbili. Liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Katika mitaa inayolizunguka kuna maduka ya jumla ya dawa, ambako wenye famasi na maduka ya dawa muhimu hununua mzigo.

Kwa sheria ya Tanzania kuna ngazi mbili za duka la dawa la rejareja. Famasi kamili lazima iwe na mfamasia msimamizi, na ndiyo inayoruhusiwa kuuza dawa zote zinazohitaji cheti cha daktari. Duka la Dawa Muhimu (DLDM) huuza orodha fupi ya dawa, na mtoa dawa wake huwa amepata mafunzo maalumu. Mpango wa DLDM ulianza kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003 ili kuchukua nafasi ya "maduka ya dawa baridi", ambayo yaliruhusiwa kuuza dawa zisizohitaji cheti tu, lakini kwa kweli yaliuza karibu kila kitu.

Tatizo ni kwamba wafamasia hawatoshi, na wengi wao hawataki kukaa dukani kutwa. Hivyo imezoeleka cheti cha mfamasia kutundikwa ukutani huku mwenyewe yuko kwenye ajira nyingine, na anayemkabidhi mgonjwa dawa ni muuzaji aliyejifunza kazi kwa kuangalia. Kwa sheria hilo ni kosa. Kwa mgonjwa ni hatari isiyoonekana: hawezi kujua kama aliyemjibu swali lake kuhusu ujauzito au dawa za presha ana ujuzi huo. Katika mafundisho ya shule, famasia ya jamii hupewa uzito kwa sababu hii. Mwanafunzi hufundishwa kumuuliza mteja nani anaumwa, tangu lini, ana umri gani na anatumia dawa gani nyingine. Maswali hayo huchukua kama dakika mbili, na duka lenye foleni Kariakoo huziona dakika hizo kuwa nyingi.

Ubora wa dawa na utafiti

Swali ambalo wateja wengi huuliza ni kama dawa ni "orijino". Watafiti wa famasia hulivunja swali hilo vipande viwili. Dawa bandia hutengenezwa kwa kusudi la kudanganya. Dawa duni imetengenezwa na kiwanda halali lakini haifikii kiwango, au imeharibika kwa joto na unyevu njiani na dukani. Ya pili ni ngumu zaidi kuigundua kwa macho, kwa kuwa boksi, nembo na namba ya toleo vyote ni vya kweli.

Mfano unaojulikana ni utafiti uliochapishwa mwaka 2003, ambao ulipima vidonge vya malaria vya amodiakwini na SP vilivyotoka kwenye maduka ya jumla ya binafsi ya Dar es Salaam. Kasoro zilizojitokeza kwenye SP zilihusu zaidi kuyeyuka kwa kidonge kuliko kiasi cha dawa kilichomo. Kipimo cha kuyeyuka hufanywa kwa kutia vidonge sita, kila kimoja katika chombo chake chenye kimiminika cha nyuzi joto 37, sawa na mwili, huku kikikorogwa. Baada ya muda uliowekwa huangaliwa ni kiasi gani cha dawa kimetoka. Kidonge kisichoyeyuka hupita tumboni kama kokoto. Mgonjwa ametumia dawa halali, amemaliza dozi, na bado anaumwa.

Kosa la namna hiyo lilikuwa na uzito wakati ule. Usugu wa malaria dhidi ya klorokwini uliingia Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970, na baada ya miaka mingi ya kuchelewa Tanzania Bara iliacha klorokwini mwaka 2001, SP ikashika nafasi yake. SP nayo haikudumu: mwishoni mwa mwaka 2006 tiba ya kwanza ikawa artemeta na lumefantrini, inayoitwa na watu "dawa mseto" au ALu. SP ilibaki kwa ajili ya kuwakinga wajawazito.

Shule ina maabara ya utafiti na uendelezaji wa dawa, ambayo hufundisha pia wafanyakazi wa viwanda kanuni za utengenezaji bora. Ukaguzi wa sokoni wenyewe ni kazi ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), iliyojulikana kama TFDA hadi mwaka 2019. Mwezi Desemba 2018 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba mfumo wa Tanzania wa udhibiti wa dawa umefikia ngazi ya tatu kati ya nne, na nchi ikawa ya kwanza Afrika kufika hapo.

Siku hizi hofu kubwa imehamia kwenye antibiotiki. Serikali ilitoa mpango wa kitaifa wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa kwa miaka 2017–2022, ukafuatiwa na wa 2023–2028. Antibiotiki zinatakiwa kutolewa kwa cheti, lakini mtu mwenye mafua huweza kununua amoksilini bila kuulizwa lolote, na mwenye fedha pungufu hununua nusu dozi. Mfamasia akikataa kuuza, mteja huvuka barabara. Kwa hiyo mwenye duka anayefuata sheria hupoteza mapato kwa jirani asiyeifuata, jambo ambalo mafunzo ya darasani peke yake hayawezi kuliondoa.

Matukio ya mwaka

Mwaka wa masomo huanza kwa kawaida Oktoba au Novemba. Karibu na mwanzo wake huja Wiki ya Dunia ya Uhamasishaji kuhusu Usugu wa Vimelea dhidi ya Dawa, tarehe 18 hadi 24 Novemba, na mahafali ya chuo hufanyika kwa kawaida mwezi Desemba.

Katikati ya mwaka chuo hufanya mkutano wa kisayansi, ambako wahadhiri na wanafunzi wa uzamili huwasilisha tafiti zao. Julai kuna Maonesho ya Sabasaba kwenye viwanja vya Barabara ya Kilwa, na maonesho ya elimu ya juu ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) hufanyika Mnazi Mmoja, mpakani mwa Kariakoo na katikati ya mji, wahitimu wa kidato cha sita wanapotafuta vyuo. Tarehe 31 Agosti ni Siku ya Tiba Asili ya Mwafrika. Inawahusu zaidi watu wa Taasisi ya Tiba Asili, lakini inagusa pia famakognosia na wauza mizizi, magome na unga wa dawa wa Kariakoo, ambao kazi yao inaongozwa na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002.

Siku kubwa ya taaluma ni tarehe 25 Septemba, Siku ya Wafamasia Duniani. Ilichaguliwa mwaka 2009 katika mkutano wa Shirikisho la Kimataifa la Famasia (FIP) mjini Istanbul, kwa kuwa shirikisho hilo lilianzishwa tarehe hiyo mwaka 1912 mjini The Hague. Wanafunzi wana chama chao, TAPSA, na wafamasia waliosajiliwa wana Chama cha Wafamasia Tanzania (PST).

Shule nyingine nchini

Kwa miongo kadhaa Muhimbili ilikuwa peke yake. Baadaye masomo ya shahada ya famasia yalianzishwa pia katika Chuo Kikuu cha St. John's cha Dodoma, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi huko Bugando, Mwanza, na tawi la Kampala International University lililoko Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Baadhi ya wahadhiri wa vyuo hivyo walisoma Muhimbili.