Eti Spika Mpya "Haijafunguka"?

Mwaka jana nilinunua spika mbili kwa pesa za kazi zangu za video. Nafika nyumbani Makadara, naunga, naweka taarab: besi hamna. Sauti imebana kama mtu mwenye mafua. Nikarudi dukani. Muuzaji akacheka: "Kijana, spika mpya hiyo, haijafunguka. Ipige masaa mia kwanza." Nikaipiga mchana kutwa. Mama wa jirani alivumilia siku nne, ya tano akabisha mlango. Masaa mia yalipotimia, zile siku 7 za kurudisha mali zilikuwa zishapita.

Tangu hapo najiuliza, haya maneno yametoka wapi?

Mimi naona yameanza na ngoma. Pwani hii ngoma haipigwi baridi. Hewa ya bahari huilegeza ngozi, kwa hivyo wapigaji huiotesha moto mpaka ikaze, na wakikawia hurudi motoni tena. Hapo kupasha ni kweli tupu, hata mtoto asikia tofauti.

Kisha zikaja redio na gramafoni za valvu. Vile vijitaa vya kioo vilikuwa lazima vipate moto ndipo sauti ije. Wazee waliopiga santuri za Mzuri, lebo ya Assanand & Sons wa hapa hapa Mombasa, walizoea kuwasha na kungoja. Transista iligunduliwa 1947, na ilipoenea ikaondoa kungoja kule. Lakini tabia ikabaki, ikahamia kwa spika. (Hii ni dhana yangu, mwenye nyingine alete.)

Sasa spika yenyewe. Muundo wake bado ni ule ule wa Wamarekani wawili, Rice na Kellogg, wa 1925: koili ya waya imekaa kwenye sumaku, imeshikana na koni, na koni imezuiwa na ukingo laini kwa nje na kitambaa chenye mikunjo kwa ndani. Kitambaa kile kikiwa kipya huwa kigumu, kikichezeshwa kinalegea. Hapo muuzaji hakudanganya. Ila sehemu kubwa ya kulegea huko huisha ndani ya dakika chache za mwanzo, tena viwanda vingi huzijaribu spika kabla hazijatoka. Tofauti inayobaki ni ndogo mno kwa sikio. Ukisikiliza siku kumi, anayefunguka ni wewe, ubongo ushaizoea ile sauti.

Na zangu je? Nilizipeleka kwa fundi mmoja Mji wa Kale. Akafungua ya kwanza, akafungua ya pili, akaniita nitazame: ndani ya moja waya zilikuwa zimegeuzwa, chanya kwa hasi. Koni moja ikisukuma, nyingine yavuta, besi zinauana hewani. Masaa mia, na hata elfu, yasingeigeuza waya. Akalehemu dakika tano, akaweka Juma Bhalo.

Jioni hiyo mama wa jirani akabisha tena.