Tumbo la Seli na Vumbi la Bisie

Huko Walikale, katikati ya msitu mkubwa wa Kivu ya Kaskazini, kuna mlima uitwao Bisie. Mwaka 2002 habari zilienea kwamba mlima huo una kasiteriti nyingi, yaani lile jiwe zito la rangi ya giza ambalo kwalo hupatikana bati. Haikupita miaka mingi, maelfu ya wachimbaji walikuwa wamejenga vibanda vyao juu yake. Walitoka Walikale na Masisi, wengine walitoka mbali zaidi. Barabara ya gari haikuwako. Wachukuzi walibeba magunia ya kilo 50 mgongoni, wakapita katika matope ya msitu hata kufika Njingala, na kutoka huko mawe yalipelekwa Kilambo, ambako ndege ndogo zilitua juu ya barabara yenyewe na kuyachukua mpaka Goma.

Habari za askari waliotoza ushuru pale, za mashimo yaliyoporomoka, na za amri ya serikali iliyosimamisha uchimbaji tangu Septemba 2010 hata Machi 2011, zimekwisha kuandikwa mara nyingi. Historia nitakayosimulia hapa ni nyingine. Ni historia ya vumbi linalotoka katika mwamba uchimbwao, na ya kitu kimoja kidogo mno ndani ya mwili wa mtu, ambacho hakuna aliyekijua mpaka katikati ya karne ya ishirini.

Kwamba vumbi la mgodi huua watu, hilo ni jambo la zamani sana. Mwaka 1556 kilichapwa kitabu cha mganga mmoja wa Ujerumani, Georgius Agricola, juu ya kazi ya madini. Humo anaeleza kwamba katika milima ya Carpathia walikuwako wanawake walioolewa na waume saba, na wote saba waliuawa na ugonjwa wa kifua. Tena huko Witwatersrand, Afrika ya Kusini, mashine za kutobolea mwamba zilipoingia katika migodi ya dhahabu, waliozitumia walikufa vijana. Hata mwaka 1911 ikatungwa sheria ya kuwalipa walioharibika mapafu. Ugonjwa huo waitwa silikosi. Mgonjwa huanza kupungukiwa na pumzi akipanda kilima, kisha akitembea tambarare, mwishoni hata akiwa ameketi.

Lakini kwa nini vumbi liue? Watu walidhani ni jambo rahisi: ama chembe za jiwe hukata mapafu kama vipande vya chupa, ama huyajaza kama mchanga ujazavyo gunia. Maelezo hayo yanaridhisha akili upesi, walakini hayatoshi. Chukua bati lenyewe. Mtu aliyevuta vumbi la bati miaka mingi, picha ya kifua chake huonyesha madoa meupe tele, nawe ungesema huyu hataiona Pasaka ijayo. Kumbe anapumua vizuri, na mapafu yake hayakufanya makovu. Mwingine amevuta vumbi la kwatzi, lile jiwe jeupe gumu linaloandamana mara nyingi na kasiteriti na dhahabu, tena amevuta kidogo tu, naye anakufa. Yote mawili ni vumbi, yote mawili ni magumu. Tofauti iko wapi? Kulijibu swali hilo ilibidi kwanza watu wajue jinsi seli ilivyoumbwa.

Seli ni chembe hai. Mwili wetu wote umejengwa kwa seli kama nyumba ijengwavyo kwa matofali, ila kila tofali hapa linaishi, linakula na linafanya kazi. Mwingereza Robert Hooke alizitazama seli za gome la mti kwa darubini ya kukuzia vitu vidogo, akachapa habari yake mwaka 1665. Yeye ndiye aliyezipa jina lenye maana ya vijumba. Mwaka 1831 Robert Brown alitambua kwamba ndani ya seli kuna kiini. Basi kwa muda mrefu picha waliyokuwa nayo wataalamu ilikuwa hiyo: mfuko wenye uteute, na kiini katikati yake. Wachache waliona vijambo vingine humo, kama Mwitalia Camillo Golgi mwaka 1898, lakini wenzao wengine walibisha kwamba ni madoa tu ya dawa za kupakia.

Mbeljiji Albert Claude ndiye aliyeifungua njia. Alikwenda New York mwaka 1929, akaingia katika taasisi ya Rockefeller. Njia yake yaweza kueleweka na mtu yeyote aliyeona mashine ya kutenga krimu na maziwa, na katika nchi ya ng'ombe kama Masisi mfano huo si mgeni. Claude alizisaga seli taratibu, akaweka uji wake katika mashine izungukayo kwa nguvu nyingi. Vilivyo vizito vilishuka chini kwanza, vyepesi vikabaki juu, akaweza kukipima kila kimoja peke yake. Mwaka 1945 yeye na wenzake walichapa picha ya seli nzima iliyopigwa kwa darubini ya elektroni. Ndipo ikaonekana kwamba seli si mfuko wa uteute, bali ni kama kijiji chenye kazi nyingi. Kiini hutunza maagizo ya ukoo. Mitokondria ni majiko: humo chakula huchomwa pamoja na hewa tuvutayo, na nguvu hupatikana. Viko vidonge vidogo sana, ribosomu, ambavyo Mromania George Palade alivichunguza. Hivyo huunda protini. Na lile jambo la Golgi, lililobishiwa miaka hamsini, likathibitishwa kuwa ni mahali pa kufungia mizigo ya seli.

Sasa tufike kwa mtu ninayemtaka zaidi, Christian de Duve. Alizaliwa Uingereza mwaka 1917 na wazazi Wabeljiji, akawa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain, kile kile kilichoanzisha Lovanium huko Leopoldville mwaka 1954. Yeye hakuwa akitafuta kitu kipya cha seli. Alikuwa akichunguza kazi ya insulini katika ini. Mwaka 1949, katika kupima vimeng'enya vya ini la panya (vimeng'enya ni vile vitu vya mwili vinavyoharakisha kazi kama kuyeyusha chakula), alitazama kimoja akakiona kimepungua mno: kilikuwa kama sehemu moja tu ya kumi ya kilichotazamiwa. Wengi wetu tungalimwaga vile vichupa na kuanza upya. Yeye na wenzake waliviweka katika friji. Siku tano baadaye walipima tena, na kimeng'enya kikawa kimerudi chote.

Kilikuwa wapi siku hizo tano? Hilo ndilo swali lililozaa elimu mpya. De Duve alikata shauri kwamba kimeng'enya kilikuwa kimefungiwa katika vifuko vyenye ngozi nyembamba, na ngozi hiyo ilipochakaa, kilitoka nje kikaonekana. Akagundua kwamba vifuko hivyo havina kimoja tu, bali vingi, na vyote ni vya kuyeyusha, tena hufanya kazi penye ukali kama wa ndimu. Mwaka 1955 akavipa jina la lisosomu, kwa Kigiriki mwili unaoyeyusha. Mwaka huo huo Alex Novikoff, kutoka Marekani, alivipiga picha. Basi seli ina tumbo; na tumbo hilo, kama letu, limezungushiwa ngozi ili lisijile lenyewe. Mwaka 1974 Claude, de Duve na Palade walipewa pamoja Tuzo ya Nobel.

Katika mapafu yetu ziko seli zenye matumbo ya namna hii kwa wingi kuliko nyingine. Ndizo seli zilazo, makrofaji. Mrusi Élie Metchnikoff alizitambua seli za jamii hiyo mwaka 1882 huko Messina, alipochoma mtoto wa kiti cha pwani kwa mwiba na kuona seli zikitambaa na kuuzunguka. Katika vifuko vya hewa vya mapafu hizo ndizo wafagiaji. Kijidudu kikiingia, hukizunguka na kukimeza ndani ya kijifuko. Lisosomu huja, hujiunga na kijifuko hicho, humwaga vimeng'enya vyake, na kijidudu huyeyuka. Vumbi nalo humezwa vivyo hivyo. Lile jingi na nene hushikwa na pua na koo, tukalitema. Lakini chembe ndogo kuliko sehemu moja ya mia ya milimita hufika chini kabisa, na huko hakuna mlinzi ila seli hizi.

Aliyeunganisha mambo haya na ugonjwa wa wachimbaji ni mtu aliyelelewa Afrika ya Mashariki. Anthony Allison alizaliwa Afrika ya Kusini mwaka 1925, akakulia katika shamba karibu na Gilgil, nchini Kenya. Jina lake lajulikana zaidi kwa kazi nyingine: mwaka 1949 alizunguka Kenya akipima damu, na mwaka 1954 akaonyesha kwamba wenye kurithi selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu hukingwa kwa sehemu na malaria. (Seli nyekundu ya damu, kwa njia, ni kichekesho cha maumbile: ikikomaa hutupa kiini chake na mitokondria zake, hubaki mfuko wa kubebea hewa.) Miaka ya 1960 Allison alikuwa London, katika taasisi ya utafiti wa tiba ya Mill Hill. Mwaka 1966 yeye, pamoja na Harington na Birbeck, walizilisha makrofaji vumbi la namna mbili. Nyingine walizipa vumbi la almasi, nyingine vumbi la silika, ambayo kwatzi ni ya jamii yake. Almasi ni ngumu kupita mawe yote. Kama kosa lingekuwa la ukali wa chembe, basi almasi ingeziua kwanza.

Haikuwa hivyo. Seli zilimeza vyote viwili, na lisosomu zikaja kama desturi. Almasi ilikaa ndani ya kifuko, haikuyeyuka, wala seli haikudhurika. Lakini silika ilishikana na ngozi ya kifuko ikaipasua. Vimeng'enya vikamwagika katika seli yenyewe, nayo ikafa. Tena chembe ya silika haikupungua hata kidogo: ilitoka katika maiti ya seli ya kwanza ikiwa na sumu yake yote, ikangoja seli ya pili ije kuimeza. Na kila seli ifapo, mwili hujaribu kuponya mahali hapo kwa kufanya kovu. Ndiyo maana ugonjwa huzidi hata kama mtu ameacha shimo. Mwaka 2008 wataalamu walirudia jambo hilo kwa vyombo vipya, wakaona kwamba kupasuka kwa lisosomu ndiko kunakopiga kengele ya uvimbe katika mapafu.

Balaa la pili huandamana na la kwanza. Mwaka 1971, katika Mill Hill ile ile, Armstrong na Philip D'Arcy Hart walionyesha kwamba kijidudu cha kifua kikuu kikimezwa huzuia lisosomu isijiunge na kijifuko chake, kikakaa humo kama mgeni asiyetaka kuondoka. D'Arcy Hart huyo alikwisha kuwachunguza wachimba makaa wa Wales kabla na wakati wa vita kuu ya pili. Basi mchimbaji ambaye wafagiaji wake wameuawa na silika hupatwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko wenzake, na pengine hutibiwa kifua kikuu, akapona, huku silikosi ikibaki.

Mwamba wa Bisie ni shisti, jiwe la matabaka, na katika mawe ya namna hiyo kwatzi ni jambo la kawaida. Wachimbaji wa mkono waliupasua kwa nyundo na patasi ndani ya mashimo marefu membamba. Mwaka 2019 kampuni ya Alphamin ilianza mgodi wa mashine mahali paitwapo Mpama, lakini kifua cha mtu aliyechimba mwaka 2006 hakikubadilika kwa hilo. Kwatzi iliyovunjwa sasa hivi ni mbaya kuliko iliyokwisha kulala, maana uso wake mpya una nguvu zaidi ya kuharibu ngozi ya lisosomu. Kitambaa puani hakizuii chembe ndogo. Dawa ya kuondoa silika mapafuni haipo. Kinachosaidia ni maji, mwamba ulowanishwe kabla na wakati wa kupigwa, na hewa ipitishwe shimoni.

Kwa kawaida silikosi hujitokeza baada ya miaka kumi au zaidi. Penye vumbi jingi mno hutokea mapema kuliko hapo. Kwa hiyo mgonjwa atakapofika hospitali, huenda sasa ni mkulima au mwendesha pikipiki, asitaje mgodi kabisa. Picha ya kifua nayo hudanganya kwa pande zote mbili: bati, ambalo ni jiwe zito, hujionyesha kwa weupe mkubwa bila kudhuru, na makovu ya kwatzi mwanzoni ni vinundu vidogo vidogo ambavyo jicho huviruka. Daktari asipouliza mtu huyo alifanya kazi gani zamani, na katika jiwe la namna gani, hatajua atazame kipi.