Praima ya Alumini katika Ndege za Kujiundia

Praima ni rangi ya kwanza ipakwayo juu ya metali tupu, na kazi zake ni mbili: kuikinga metali isiliwe na kutu, na kuishika rangi ya juu isibanduke. Katika ndege ziundwazo na raia wenyewe majumbani mwao, desturi iliyoenea zaidi Marekani, ambako sheria huiruhusu ndege ya namna hiyo iruke maadamu sehemu kubwa ya kazi imefanywa na watu kwa ajili ya elimu au burudani yao, uchaguzi wa praima ni miongoni mwa mambo yanayojadiliwa kwa bidii kuliko yote. Tangu Paul Poberezny alipoasisi Experimental Aircraft Association huko Wisconsin mwaka 1953, na hasa baada ya Richard VanGrunsven kuanzisha Van's Aircraft katika jimbo la Oregon mwaka 1973, maelfu ya waundaji wamesimama mbele ya bati linalong'aa wakijiuliza walipake nini. Jawabu hutegemea kwanza metali yenyewe, kisha mahali itakapokaa. Aina ya kopo huja baada ya hayo mawili.

Alumini safi hujikinga yenyewe, kwani kila iguswapo na hewa hufanya utando mwembamba wa oksidi. Walakini ni laini mno, haifai kubeba mzigo wa bawa. Mwaka 1906 Mjerumani Alfred Wilm aligundua kwamba alumini iliyochanganywa na shaba na magnesi kidogo, ikichomwa, ikapozwa ghafula, kisha ikaachwa siku kadhaa, huwa ngumu ajabu. Ndipo ikapatikana duralumini, na baadaye aloi ya 2024 ambayo ni ngozi ya ndege nyingi hata leo. Shaba hiyo, takriban asilimia 4, ndiyo iletayo nguvu, na ndiyo pia iletayo maradhi, kwa sababu chembe zenye shaba na alumini inayozizunguka, zikilowa maji ya chumvi, hufanya betri ndogo ndogo zisizohesabika, na alumini ikaliwa hata ikageuka unga mweupe. Kwa hiyo, katika miaka ya 1920, kampuni ya Alcoa ilitoa bati liitwalo Alclad, ambalo aloi yake imevikwa pande zote mbili alumini iliyo karibu safi. Katika bati la unene wa milimita 0.8 vazi hilo ni kama milimita 0.04 tu kila upande, nalo hukinga kwa njia mbili: hukisitiri kiini, na palipokwaruzwa huliwa lenyewe kwanza ili kiini kisalimike. Aloi ya 6061, ya magnesi na silikoni, aliyoichagua Chris Heintz kwa ndege zake za Zenith, haina vazi, lakini huvumilia kutu kuliko 2024 iliyo tupu.

Hapo ni dhahiri kwamba vipande vyote havina haja sawa. Bati la Alclad ndani ya kiwiliwili cha ndege ilalayo bandani katika nchi kavu kama Arizona laweza kukaa miongo ya miaka bila praima, na Cessna nyingi za zamani zilitoka kiwandani bila praima ndani, nazo zingali zikiruka. Ndege ikaayo pwani ya Florida haina bahati hiyo. Tena hatari kubwa hukaa mahali palipofichika, pale mabati mawili yanapolaliana na kukazwa kwa ribiti, kwani maji yakishaingia hapo hayakauki upesi wala jicho haliyaoni. Tarehe 28 Aprili 1988, Boeing 737 ya Aloha Airlines, iliyokuwa imeruka safari fupi fupi baina ya visiwa vya Hawaii kwa miaka 19, ilifumuka paa angani na mhudumu mmoja akafariki; uchunguzi ukathibitisha kwamba gundi ya viungo vya mabati ilikuwa imeachia, kutu ikapata nafasi, na metali ikachoka na kupasuka kwenye matundu ya ribiti. Ndege ndogo ya kujiundia aghalabu haijazwi hewa ya shinikizo kama ile, lakini namna ya kiungo ni ile ile. Asiyetaka kupaka ndege nzima na apake, kwa uchache, nyuso zinazolaliana, kingo zilizokatwa, vipande visivyo na vazi, na kila mahali alumini inapogusana na chuma.

Praima mashuhuri ya zamani ni ile ya kromati ya zinki, ya manjano au kijani, iliyopakwa ndani ya ndege za Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Siri yake ni kwamba kromati huyeyuka kidogo sana katika maji, ikasafiri hadi penye mkwaruzo na kuutuliza ulikaji, hivyo hukinga hata pale ambapo rangi yenyewe imetoka. Kwa kukinga, praima chache zimeipita. Kwa bahati mbaya, kromiamu ya namna hiyo husababisha saratani ya mapafu, na mtu anayepuliza rangi katika gereji ya nyumbani, watoto wake wakiwa upande wa pili wa ukuta, hana sababu ya kutosha ya kujitia katika hatari hiyo. Praima ya asidi, iuzwayo mara nyingi katika makopo ya kupuliza, hushika metali vizuri na hukauka upesi, ila utando wake hupitisha unyevu. Pasipo rangi nyingine juu yake si kinga, na wengi hudanganyika kwa wepesi wake. Praima ya epoksi ya makopo mawili, rangi na kigumishi chake, huwa ngumu, huzuia maji, haiyeyushwi na mafuta, na zipo aina zake zisizo na kromati. Hiyo ndiyo ninayoipendekeza kwa viungo na kwa sehemu zitakazofungwa zisifunguliwe tena. Isipakwe juu ya praima ya asidi ila mtengenezaji awe ameruhusu, kwa kuwa asidi iliyobaki yaweza kuizuia epoksi isigande sawasawa.

Hata hivyo, praima bora juu ya bati chafu hubanduka kama ganda. Bati lioshwe mafuta kwanza, kisha lisuguliwe kidogo kwa pedi ya nailoni, kamwe si kwa nyuzi za chuma, ambazo huacha chembe ndani ya alumini na kuanzisha kutu. Na kusugua kwa pupa huondoa vazi lile jembamba la Alclad lililolipiwa fedha. Maji yakimwagwa juu yake yakatandaa pasipo kugawanyika matone, bati limetakata.

Uzito nao hauna budi kuhesabiwa. Tabaka la mikroni 25 ni sentimita za ujazo 25 kwa kila mita ya mraba, yaani gramu 35 hivi, na apakaye mara tatu kwa hofu huubeba uzito huo katika kila safari. Ndani ya tangi la mafuta lililo bawani praima isitiwe kabisa: lakiri ya kuzibia viungo yataka metali iliyosafishwa na kukwaruzwa, na rangi ikibanduka humo huziba chujio la mafuta hayo yaendayo kwenye injini.